Taa Yetu Kati ya Taa za Ziwa

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 14, na mjomba alinichukua ziwani kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi. Tulitoka Katonga, Kigoma, jua likizama, watu wanne kwenye boti ya mbao, mashine ndogo nyuma na karabai mbili. Ilikuwa Agosti, kipindi cha giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa Kigoma hukaa nchi kavu wakishona nyavu, maana dagaa hawaifuati taa wakati ziwa lote limeng'aa. Giza likirudi, kila boti huingia majini. Ukisimama mlimani usiku kama huo unaona mji mwingine umewashwa juu ya maji.

Kwenye saa nane za usiku mashine ilizima. Mjomba alivuta kamba ya kuwashia mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Akafungua plagi, akaipangusa kwa shati lake, akaipuliza, akairudisha. Kimya. Maji yalikuwa yameingia kwenye petroli. Wakati huo upepo wa kusini ulishaanza, ule wa kiangazi ambao huja kwa ghafla na kulifanya ziwa litoe sauti kama ya lori linalopanda mlima. Nanga yetu ilikuwa jiwe na kamba ya mita 30 hivi. Ziwa Tanganyika linafika kina cha mita 1,470, na upande wetu chini ya maji hushuka kama ukuta. Jiwe lilining'inia tu. Tukaanza kusukumwa kuelekea Kongo.

Mjomba alichukua sinia tulilolia ugali, akaliweka mbele ya karabai, akaliondoa, akaliweka tena. Mara tatu, akapumzika, mara tatu tena. Nilikuwa nimeshika mguu wa karabai isianguke, na bado naisikia ile harufu ya mafuta ya taa na mlio wake wa "sssss" usioisha. Hakuna aliyekuja. Akavua shati, akalichovya kwenye petroli ile ile yenye maji, akalifunga kwenye kafi na kuliwasha. Liliwaka vibaya, moshi mwingi, labda dakika mbili. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Na tukiwa tunatazama, zile taa za ziwani zikaanza kuondoka moja moja kuelekea nchi kavu, kwa sababu upepo ulikuwa umewatisha na wenzetu.

Tuliokolewa, na nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kilichoniganda kichwani miaka yote hii ni kwamba tulionekana. Watu wengi walituona. Tulikuwa taa kati ya taa, moto kati ya watu ambao kila usiku huwasha moto kupika chai botini. Ishara yetu ilifanana mno na maisha ya kawaida. Kwa sababu hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza na kusoma kuhusu ishara za kuomba msaada majini: zilitoka wapi, nani alikaa akaamua kwamba hiki kimaanishe "tunakufa" na kile kisimaanishe.

Zamani mabaharia walitumia walichonacho. Mzinga ulipigwa mara moja kila dakika, kwa mpangilio, ili anayesikia ajue hiyo si salamu wala vita. Pipa la lami liliwashwa juu ya sitaha. Bendera iligeuzwa juu chini, jambo ambalo halikuwafaa mabaharia wote: bendera ya Ufaransa ukiigeuza ni ile ile. Cha kushangaza ni kwamba mambo haya hayakutupwa. Kanuni za kimataifa za kuzuia meli kugongana, zile za 1972, zina orodha ya ishara za dhiki, na humo bado umo mlio wa mzinga kila dakika, umo na moto unaowaka chomboni kama ule wa pipa la lami. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mjomba na shati lake. Bila kusoma kanuni yoyote alikuwa ametoa ishara halali ya kimataifa.

Kwenye orodha hiyo kuna moja ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji kununua chochote. Unanyoosha mikono yote miwili pembeni, kisha unaiinua na kuishusha polepole, unarudia na kurudia. Jaribu ukiwa umesimama. Utaona kwamba hakuna mtu anayesalimia hivyo. Pale Kibirizi kila boti inayopita hupungiwa mkono, na mkono mmoja ukipungwa haraka ni "safari njema" tu. Watoto wa Mwamgongo humpungia kila apitaye. Mikono miwili, polepole, kama ndege mkubwa aliyechoka, hiyo haichanganyiki na salamu yoyote. Aliyeibuni alilielewa tatizo.

Fataki za rangi zina hadithi yake, na ni ya mwanamke. Martha Coston wa Marekani alifiwa na mume mwaka 1848 akiwa bado kijana mdogo, na watoto wa kulea. Kwenye makaratasi ya marehemu alikuta michoro ya fataki za kuwasiliana baharini usiku. Zilipojaribiwa hazikufanya kazi. Alikaa miaka kumi akihangaika na wataalamu wa kemia. Nyeupe ilipatikana, nyekundu ikapatikana, ila rangi ya tatu yenye nguvu ya kuonekana mbali ikakataa. Mwaka 1858 New York walisherehekea waya wa telegrafu, ile simu ya maandishi, uliotandikwa chini ya Bahari ya Atlantiki kwa kurusha fataki angani, naye akiwatazama ndipo alipoona kwamba watengenezaji wa fataki za sherehe huenda wanayo rangi anayoitafuta. Akawaandikia. Mwaka uliofuata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ilitolewa, kwa jina la mume wake aliyekufa, yeye akitajwa kama msimamizi wa mirathi. Inanikera hadi leo. Kijani ndiyo iliyokamilisha rangi tatu, na kwa kuzipanga kwa zamu mtu aliweza kutuma ujumbe, siyo mwanga tu.

Kisha ikaja simu ya upepo, kama wazee wetu walivyoiita redio. Hapa ndipo mambo yalipobadilika kabisa, maana kabla yake meli iliyozama nje ya upeo wa macho ilizama peke yake.

Waendesha mitambo ya telegrafu za nchi kavu walikuwa na herufi mbili za kuita vituo vyote kwa pamoja: CQ. Mwaka 1904 kampuni ya Marconi iliwaagiza watu wake waongeze D, ya neno la Kiingereza la dhiki, ikawa CQD. Watu walikuja kuitafsiri "njooni haraka, hatari", lakini hiyo ni tafsiri iliyobuniwa baadaye. Maana yake ilikuwa "vituo vyote, dhiki". Nisisitize hilo neno la kwanza, vituo vyote, nitalihitaji huko mbele.

Ubaya wa CQD ni kwamba ilitofautiana na CQ ya kila siku kwa herufi moja tu. Mawimbi yakikwaruza, ile D ikapotea, aliyesikia anadhani ni mtu anayeita kupiga soga. Wajerumani walikuwa na alama yao, waliyoiweka kwenye kanuni zao kuanzia Aprili 1905: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, vyote vikipigwa mfululizo bila kuachana. Mkutano wa kimataifa wa Berlin ukaikubali mwaka 1906 na ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Julai 1908. Hiyo ndiyo SOS. Haina kirefu. "Okoeni roho zetu" na vingine vyote vimetungwa na watu baadaye, kwa nia njema. Haikuchaguliwa kwa maana yake. Ilichaguliwa kwa sauti: hakuna herufi wala neno katika alfabeti ya Morse, ile ya milio mifupi na mirefu, linalosikika hivyo. Piga meza kwa kidole, tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi, halafu rudia bila kupumzika. Hata asiyejua Morse atainua kichwa.

Januari 1909, kabla alama mpya haijazoeleka, meli Republic iligongwa kwenye ukungu karibu na Nantucket, pwani ya Marekani. Kijana wa redio, Jack Binns, alibaki kwenye chumba chake kilichobomolewa ukuta, kwenye baridi, akipiga CQD kwa umeme wa betri kwa saa nyingi mpaka meli Baltic ikawapata. Karibu watu wote wa meli hiyo na wa Florida iliyoigonga, zaidi ya 1,000, waliokolewa. Dunia ilishangilia, magazeti yakamfanya shujaa. Ikaonekana kana kwamba tatizo limekwisha.

Halafu Titanic. Kila mtu anaijua, kwa hiyo nitakaa kwenye jambo moja. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli nyingine, Californian, ilikuwa imesimama kwa sababu ya barafu, karibu kiasi kwamba walioko zamu waliona mwanga angani. Mwendesha redio wake, Cyril Evans, alikuwa peke yake kwenye kazi hiyo. Alifanya kazi mchana kutwa, akazima mtambo na kulala dakika chache kabla Titanic haijagonga mwamba wa barafu. Hakuvunja sheria yoyote. Jack Phillips wa Titanic alipiga CQD, kisha akachanganya na SOS, na kwa Evans zilipita juu ya kichwa cha mtu aliyelala.

Bado kulikuwa na fataki. Titanic ilirusha nyeupe takriban nane. Maofisa wa Californian waliziona na kuzihesabu. Wakamwarifu nahodha, naye akauliza kama ni ishara za kampuni. Swali hilo linasikika kama la kijinga leo, lakini wakati ule kampuni za meli zilikuwa na fataki zao za kutambuana usiku, na kanuni iliruhusu fataki ya dhiki iwe ya rangi yoyote. Wakajaribu kumulika kwa taa ya Morse, hawakujibiwa. Wakaendelea kutazama. Watu wapatao 1,500 walikufa huku mwanga wao ukionekana.

Nikisoma kisa hicho naona sinia la mjomba. Sijui njia nyingine ya kukisoma.

Aliyesikia, na meli yake ikawafikia, ni Harold Cottam, mwendesha redio wa Carpathia, aliyekuwa akijiandaa kulala lakini bado amevaa vipokea sauti. Carpathia ilikimbia maili kama 58 na kuwakuta walio hai, zaidi ya 700, kwenye mashua. Angevua vile vipokea sauti mapema kidogo tu, wangengoja mpaka asubuhi.

Baada ya hapo mataifa yalishughulikia masikio. Mkataba uliotiwa saini London Januari 1914 ulitaka redio za meli kubwa zisikilizwe saa 24, ingawa vita viliuchelewesha. Tayari mwaka 1910, huko Brussels, yalikuwa yameshakubaliana kwamba nahodha ana wajibu wa kumsaidia yeyote aliye hatarini baharini, hata akiwa adui, mradi asiangamize chombo chake mwenyewe. Huku kwetu hili halihitaji mkataba kueleweka. Kwa ndugu zetu Wanyamwezi wa Tabora na Wasukuma, mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, ukipigwa usiku, kila mwanamume hutoka, na aliyeusikia akabaki ndani atajibu mbele ya wenzake. Mwano nao una sauti yake, haufanani na kilio cha msiba wala shangwe za harusi.

Kitu kilichonigusa zaidi katika usomaji wote huu ni saa ya ukutani. Kwa miongo mingi, chumba cha redio cha meli kilikuwa na saa yenye vipande vyekundu usoni, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18 na kuanzia ya 45 hadi ya 48. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kila meli na kila kituo kwenye masafa ya redio ya 500 kHz kilinyamaza. Dakika tatu, mara mbili kila saa, usiku na mchana. Biashara ilisimama, salamu zilisimama, soga zikakatwa katikati, ili mwenye betri dhaifu na sauti ndogo apate nafasi ya kusikika. Nafikiria bahari nzima imenyamaza kwa ajili ya mtu ambaye pengine hayupo. Mimi sijaona jambo la adabu kubwa kuliko hilo katika mambo ya mitambo.

Sauti ya mtu ilipoanza kupita redioni, SOS haikufaa tena. Herufi S husikika vibaya kwenye redio inayokwaruza. Miaka ya 1920, Frederick Mockford wa uwanja wa ndege wa Croydon, London, aliombwa neno ambalo marubani na wafanyakazi wa viwanjani wote wangelielewa. Ndege nyingi zilikuwa zikienda na kutoka Paris, akachukua Kifaransa cha "nisaidie" na kukiandika kwa sikio la Kiingereza: Mayday. Mkutano wa Washington wa 1927 ukalipitisha. Husemwa mara tatu mfululizo, lisije likachanganywa na maneno mengine yanayosikika kama hilo.

Leo meli kubwa zina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza, redio yenyewe inatuma namba ya chombo na mahali kilipo. Kuna na vifaa vinavyoelea na kupiga kelele hadi kwenye satelaiti. Mfumo huo uliokoa watu wake wa kwanza Septemba 1982, baada ya ndege ndogo kuanguka Kanada. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya ulikamilika, na Morse ikaondoka kwenye kazi ya kuokoa maisha. Miezi michache tu tangu usiku wetu wa sinia.

Sisi Watanzania tuna ishara nyingine ambazo haziko kwenye orodha yoyote. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, waliokuwa wamenaswa ndani waligonga chuma, na watu waliokuwa nje waliwasikia. Tundu likatobolewa ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka Ukara, siku mbili baadaye alitolewa mtu mzima hai kutoka ndani. Siwezi kupita kwenye haya kwa maneno mengi. Waliogonga walifanya yote yaliyotakiwa kwao.

Mwaka jana nilikwenda mwalo wa Kibirizi, pale boti za abiria na mizigo zinapopakia kwenda Kagunga, na nyingine kuvuka kwenda Uvira na Baraka. Nikawauliza manahodha swali moja: mashine ikikufia usiku, unafanya nini? Mmoja akasema anawasha tochi na kuizungusha. Mwingine anachoma tambara. Wa tatu anapuliza filimbi, kwa sababu jaketi okozi zake mpya zilikuja na filimbi. Watatu hawa hupita njia moja, usiku mmoja, na hakuna aliyejua ishara ya mwenzake. Nikawaonyesha ile ya mikono miwili. Hawakuwa wameiona kamwe.

Wengi walijibu: "Napiga simu kwa tajiri." Tajiri ni mwenye boti, yuko Ujiji amelala. Mtandao ukiwepo, na ukielekea katikati ya ziwa unaanza kuokota mtandao wa Kongo, simu itaita kwa mtu mmoja aliye kilomita 40 kutoka ulipo. Boti iliyo mita 800 kutoka kwako haitajua chochote. Simu ya mkononi ni kitu kizuri na imeokoa watu ziwa hili, sitaki kuikosea heshima. Lakini inamwita mmoja. Ile CQD ya mwaka 1904 iliita vituo vyote, na anayeokoa kwa kawaida ni yule aliye karibu, siyo yule unayemjua.

Nimeshapeleka ombi kwa viongozi wa mwalo: tukubaliane ishara moja ya usiku kutoka Kagunga hadi Kalya, ifundishwe siku moja wakati wa mwezi mkubwa, wavuvi wakiwa nyumbani. Wamelipokea vizuri. Nafuatilia.

Sasa usiku ule. Kwenye saa kumi na moja, weupe unaanza nyuma ya milima ya Kigoma, tulisikia mashine. Ilikuwa boti ya mzee mmoja wa Ujiji na vijana wake wawili. Hakutuuliza kitu, alirusha kamba kwanza. Baadaye, tukivutwa, mjomba alimpigia kelele kumshukuru na kumuuliza kama aliona moto wetu.

"Niliuona. Nikajua mnapika."

"Sasa mzee wangu, umejuaje?"

Yule mzee alijibu bila kugeuka, mkono kwenye usukani. "Upepo ulipokuja wote tuligeuza kwenda pwani. Niliwahesabu. Taa moja inakwenda Kongo, na mashine hailii."

Mjomba alivua kwa miaka mingine kumi na miwili. Kila usiku, kabla wavu haujashushwa, alisimama mbele ya boti na kuzihesabu taa zilizotuzunguka, polepole, akizisonta kwa kidole. Kisha alimgeukia mdogo kuliko wote botini, ambaye kwa muda mrefu nilikuwa mimi.

"Ishirini na saba. Umeshika?"

"Nimeshika, mjomba."